Mashine ya Mama Kwenye Meza ya Mgeni Rasmi

Dada Hedwiga, shikamoo. Nisamehe, nimechelewa mno kukuandikia tangu mzigo wako ufike. Mtoto anaota meno, halali mpaka nimbebe, na nikishika kalamu anaitaka yeye. Ulimtumia Mama mashine ya kupimia presha na dawa zake, ukawa unauliza mbona huambiwi vipimo vinasomaje. Vipimo vimo humu kwenye hotuba. Ni ya Mratibu Mkuu Erasmo, aliyekuja kutuzindulia kliniki ya presha. Niliirekodi kwenye simu na nimeinakili yote, maana ningekusimulia mwenyewe usingeniamini.

"Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, waheshimiwa wajumbe, baba mchungaji, mama mlezi wa kwaya pamoja na kwaya yako, walimu, wazee mnaotunza ndiva yetu, bwawa linalonywesha mashamba haya, wadau wa maendeleo mliofika na mlioko njiani, na mimi mwenyewe niliyekubali kupanda mlima huu licha ya barabara: wote nimewatambua, na nisiyemtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mchungaji ameshasinzia.)

"Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu ofisini wamekiri hawajauona kwa mtu mwingine, kuzindua Mradi Jumuishi wa Mishipa Safi na Moyo Endelevu, awamu ya kwanza, ambao kwa mujibu wa andiko lake, pamoja na way forward yake, utapunguza presha ya wananchi kwa asilimia mia moja na ishirini. (Makofi. Loth, yule fundi baiskeli, akauliza hiyo ishirini ya ziada atapunguziwa nani. Mtendaji akamwambia aache siasa.)

"Ndugu wananchi, moyo ni pampu, na mishipa ni mifereji kama hii yenu inayotoka kwenye ndiva. Sasa kuna mafuta yanaitwa kolesteroli, ambayo mwili unayahitaji kiasi na ini linayatengeneza lenyewe, lakini yakizidi yanatembea kwenye damu yakitafuta pa kukaa. Presha nayo ikiwa juu, damu inapiga kuta za mshipa kama maji ya ndiva mliyoyafungulia yote kwa mkupuo, kuta zinachubuka, mafuta yanajipenyeza kwenye michubuko, yanarundikana, yanakuwa utando mgumu, njia inakuwa nyembamba, na pampu, kwa kuwa haijui kuandika barua ya malalamiko, inaongeza nguvu. (Wazee wa ndiva wanatikisa vichwa kukubali.) Siku moja utando unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Ikiziba ya moyoni, sehemu ya moyo inakufa. Ikiziba ya kichwani, ni kiharusi. Na kabla ya hapo unaweza usisikie chochote, hata kichwa kisiume, ndiyo maana dawa hainywewi kwa kusubiri kuumwa, kama ambavyo ninyi hampigi msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wa kuzibua mfereji baada ya mahindi kukauka.

(Hapo Mama akaniegemea. 'Kumbe ni hivyo, Anaeli? Mbona wewe na dada yako hamkunieleza?' Sisi, dada, tunaoimba wimbo huo tangu sijaolewa. Nikamwambia ndiyo Mama, ni hivyo. Akasema, 'Basi kuanzia leo nakunywa kila siku, kichwa kiume kisiume.' Nilitaka kulia, ila mtoto alikuwa amenishika hereni.)

"Kwa vitendo sasa. Nesi Rabia, tupimie Bibi Asteria, mnufaika wetu wa kwanza. Mia na sabini kwa mia moja. (Makofi kwa Mama.) Nami nitapima mbele yenu, kwa uwazi na uwajibikaji. Mia na tisini kwa mia na kumi. Ndugu wananchi, mmesikia. Hakuna aliyefikia alama hizi leo, na huo ndio uongozi. (Makofi marefu. Nesi Rabia akamwomba akae chini, tena apumzike kabla ya kurudia kipimo. Akajibu kwamba kiongozi hakai wakati wananchi wamesimama. Sisi tulikuwa tumekaa.)

"Nikisema mishipa, mseme safi. Mishipa! (Safi.) Moyo! (Endelevu.) Chumvi! (Endelevu.) Hapana, chumvi chini. (Chini.)

"Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mchungaji kwa chumba cha shule ya Jumapili, ambacho tutakiondolea bango la kliniki jioni hii ili watoto wasikose masomo. Namshukuru mwalimu kwa meza yake, arudi nayo. Nesi Rabia tumemwazima kutoka zahanati ya bondeni na tunashuka naye. Kipekee namshukuru Bibi Asteria kwa kutuazima mashine yake na dawa zake zilizopamba meza hii, ambazo zinaendelea nasi hadi Kihurio kwa uzinduzi wa kesho, na kwingineko kadiri ya ratiba, mpaka hapo mradi wenyewe utakapokubaliwa. Asanteni kwa uvumilivu." (Makofi, maana mikono ilishazoea.)

Dada, Mtendaji alituambia ni vya kupigia picha tu. Gari likaondoka navyo tukiwa tunapunga mkono. Nikipiga simu naambiwa mara wako Kwakoa, mara Ugweno. Kwa Mtendaji naenda kila siku na mtoto mgongoni, na nitaendelea kwenda. Nesi Rabia ameulizia dawa hizo zahanati kwao, zimeisha.

Mama usimgombeze kwenye simu. Kila asubuhi anajimiminia maji kikombeni, anakaa kizingitini, ananyoosha kiganja. Tumemsihi miaka yote, leo anakitaka kidonge mwenyewe, na mimi sina cha kumwekea mkononi. Ananiambia, "Basi kesho," anamwagia maua yale maji.

Tuma kwa basi, Loth atapokea stendi ya Same. Dawa zake zilezile, za miezi mitatu, leo kama unaweza. Mashine nyingine, hata iliyotumika, yenye mkanda mpana kwa sababu ule wa kwanza ulimbana. Betri zake. Dawa ya fizi ya mtoto. Na kufuli, la kabati.