Tembo Watatu kwa Mwaka

Umma wa Kibiti, na wa deltani kote, unafahamishwa kwamba kuanzia mwaka huu hakuna kijana atakayeguswa na jambo lolote maishani bila idhini ya Kamati. Mimi, Gharibu, ni mjumbe. Darasa la pili nilisoma Utete, la nne Mchukwi, la tatu nililipita njiani. Niliteuliwa kuwakilisha uzoefu.

Kamati iliundwa kwa sababu ya vyuo vya nje. Vyuo hivyo haviridhiki na alama za mtihani. Vinataka mwombaji aandike insha ya jambo lililompata yeye mwenyewe likambadilisha. Mwenyekiti wetu, Bwana Ashrafu, akaiona hatari: vijana wangeweza kuandika chochote. Akatoa mgawo. Wa deltani, mafuriko. Wa Mchukwi, ugonjwa, maana hospitali ipo karibu. Wa Mloka, tembo, ila wasizidi watatu kwa mwaka, vyuo visije vikatuchoka. Mada ikikubaliwa, insha inagongwa muhuri wa YOTE NI KWELI. Bila muhuri haiendi popote.

Ndipo akaja Waride, binti wa Mloka. Chuo kilimpa mpaka Ijumaa. Ikipita, nafasi na ufadhili anapewa mwingine. Alitaka kuandika habari za kuamia ndege. Kila msimu wa mpunga alikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu shambani, akitikisa makopo ndege wasishuke. Siku kamba ya makopo ilipokatika, akaanza kuwapigia kelele kanuni za fizikia. Ndege walikimbia, kanuni zikabaki kichwani.

Mwenyekiti alisikiliza kwa masikitiko.

"Binti, mbona hapa hajafa mtu?"

"Hakufa mtu, Mwenyekiti."

"Basi hujapatwa na kitu. Wewe wa Mloka. Tembo yuko wapi?"

"Alipita kwa jirani, akala mahindi, akaenda zake."

"Alikuangalia?"

"Alinipa mgongo."

"Andika alikuangalia."

Nikafungua daftari la mgawo, nikasoma kwa sauti. Tembo wote watatu walishachukuliwa. Wa mwisho alipewa Feisal, mpwa wa Mwenyekiti, mzaliwa wa Kibiti mjini, ambaye mnyama mkubwa aliyewahi kumkimbiza ni mbuzi. Mwenyekiti akamshauri Waride asubiri tembo wa mwakani.

Nje ya mlango binti akaniuliza, "Babu, sasa niandike nini?"

"Mwanangu, yaliyokupata hayatafutwi. Leo umepatwa na nini?"

 Kisha akaomba karatasi.

Alhamisi alirudi na nakala tatu. Mwenyekiti hakusoma, na hapa lazima nimtetee, maana utaratibu unakataza. Mambo binafsi ni siri ya mwombaji, kwa hiyo Kamati huyathibitisha bila kuyasoma. Aliuliza mada tu.

"Tembo," Waride akajibu. "Yule wa Feisal."

Mwenyekiti akafurahi sana kuona vijana wanajua kugawana. Akagonga muhuri, nakala zote tatu, akatia saini.

Miezi miwili baadaye chuo kikampokea Waride. Insha yake iliwapendeza mno, wakatuma nakala kwa wakubwa wa Mwenyekiti pamoja na pongezi. Humo mlikuwa na mgawo, mpwa, na "andika alikuangalia". Hata mbuzi alikuwemo, sijui nani alimwambia. Na chini kabisa, muhuri na saini: YOTE NI KWELI. Angekana vipi?

Wakubwa wakamtaka ajieleze kwa maandishi, kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya Ijumaa.

Nilimkuta ofisini na kalamu mdomoni, karatasi nyeupe pe, chai imeshaota utando.

"Mzee Gharibu, mimi naandika nini?"

Nikamwambia aandike yaliyompata.

"Nitafutie tembo," akasema kwa sauti ndogo.

Nikafungua daftari, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, kama utaratibu unavyotaka.

"Wamekwisha, Mwenyekiti. Subiri wa mwakani."