Mimi na Sudi ni Kitu Kimoja

Jumatatu, 2 Julai 1956

Msiba! Mwalimu Jaku anataka insha. Si muhtasari, huo ningeuiba kwa mtu. Anataka "maoni yako mwenyewe" juu ya riwaya aliyotupa mwezi uliopita, habari za watoto wa darasa moja katika skuli ya kati. Tuseme tumehisi nini, na nani humo tumefanana naye. Tutasoma Alhamisi mbele ya wazee wetu. Baba atakuja!

Kitabu ninacho. Kiko chini ya mguu wa kitanda changu, ule mfupi. Kina kurasa mia na themanini. Nimezihesabu, na kuhesabu tu kumenichosha.

Baba amekwisha kuapa: nikipata sifuri tena, skuli basi. Nitapelekwa shamba, Kizimbani, kwa Ami Simai, kupalilia miche ya mikarafuu. Mimi! Mtoto wa mjini, wa Mkunazini, mwenye viganja laini hivi!

Jumanne, 3 Julai

Nimepata njia. Mkadam, yule wa dawati la mbele anayejifanya mwanachuoni, amekisoma kitabu mara mbili. Hana kazi. Nikamwambia macho yananiuma, anihadithie mmoja tu wa humo kitabuni, aliye mwema kuliko wote. Akataka visheti vya mama, bakuli zima. Mroho! Nimempa.

Akasema mwema kuliko wote ni Sudi. Hajakosa skuli hata siku moja, mvua au jua. Hubeba mizigo ya wenzake wala hanung'uniki. Akitukanwa, kimya. Akipigwa, husimama pale pale. Siku alipougua, darasa zima lililia. Nikamuuliza Sudi hupenda chakula gani, maana mwalimu anapenda vitu vidogo vidogo kama hivyo. Mkadam akapaliwa na kisheti. Alipopata pumzi akasema Sudi hachagui chakula.

Nimeridhika.

Jumatano, 4 Julai

Insha tayari! Kurasa mbili, wino wa buluu. Nimeandika kwamba mimi na Sudi ni kitu kimoja. Kila nikimsoma najiona mwenyewe, mpaka sauti. Halafu likanijia wazo la kumlainisha Baba. Nikaongeza kuwa tabia njema hurithiwa, basi aliyemjua Sudi amekwisha kumjua na baba yangu mzazi. Nililia kidogo hapo.

Nikamsomea dada yangu Kidawa. Akauliza kama kitabu nimekisoma kweli. Nikamwambia aache wivu.

Alhamisi, 5 Julai

Sitaki kuishi.

Baba alikaa mstari wa mbele, kanzu ya pasi, kofia mpya. Nikasoma kwa madaha. Nilipofika "mpaka sauti", darasa likaanza kucheka. Nilipofika pale pa kumtaja Baba, hata mwalimu mkuu akageukia dirishani. Mwalimu Jaku akaniuliza taratibu, "Usi, Sudi ni nani?" Nikajibu kuwa ni mwanafunzi, tena bora. Akanifungulia kitabu ukurasa wa tisa, akaniamuru nisome kwa sauti.

Sudi ni punda wa skuli. Anavuta gari la maji.

Punda! Nikamkaba Mkadam nje. Akaapa hakusema uongo hata mmoja. "Hukuniuliza kama ni mtu. Mimi nlidhani ushasoma." Na kweli! Kosa ni la lugha yetu hii. Mtu anakwenda, punda anakwenda. Mtu anapendwa, punda anapendwa. Punda wangepewa herufi yao mbali, leo nisingeaibika.

Njia nzima Baba alitangulia mbele. Watu wakimsalimia, haitikii. Kofia mpya ameikunja, ameitia mfukoni. Hapo ndipo nilipoona haya kweli, hata nikatamani anipige. Tulipofika akamwambia mama afunge nguo zangu, kwani Simai anataka punda wa kazi, na yeye anaye mmoja.

Ijumaa, 6 Julai

Mwalimu Jaku alikuja baada ya sala ya Ijumaa kuniombea. Akanywa kahawa, akamsihi Baba anipe nafasi ya mwisho. Nikisome kitabu chote, niandike upya, nisome tena Jumatatu, Baba akiwapo. Baba kakubali kwa shida. Mzigo wa nguo lakini umebaki mlangoni, umefungwa.

Nimekitoa kitabu chini ya kitanda. Nimeapa.

Jumamosi, 7 Julai

Nimesoma ukurasa mmoja na nusu. Kitanda bila kitabu kinayumba, mtu atasomaje? Nimekirudisha.

Nimepata njia bora zaidi. Wanaume waongo. Nimemwendea Mwanamwema, dada yake Mkadam, naye kakisoma kitabu, msichana wa heshima zake. Na safari hii sikuwa mjinga! Kabla ya yote nilimwambia sitaki punda. Akaniapia kwa Mungu kuwa Lulu si punda. Lulu ndiye kipenzi cha mwalimu katika kitabu. Mpole, msafi ajabu, hujisafisha mara kumi kwa siku. Akipita humsikii. Chai hanywi, maziwa tu. Na anaruhusiwa kulala juu ya meza ya mwalimu! Mwanamwema alisimulia yote hayo amejiziba uso kwa buibui. Haya, nadhani.

Nimeandika kurasa tatu. Mwisho nimetia maneno ya kumfurahisha Baba: namwomba, nikikua, aniposee mke mfano wa Lulu, na wajukuu zake wote wafanane na mama yao.

Nimekwisha kumwambia mama aufungue ule mzigo wa nguo.