Kiti cha Mama Julienne Nyuma ya Goli

Kasongo. Jumatano, 15 ya mwezi wa saba, 1953

Nina mdomo mbaya! Mimi! Théophile, karani wa mizani katika duka la pamba, mtu wa suruali ndefu na kalamu mfukoni!

Mjomba André alikwenda leo kuniposea Célestine. Akarudi na kitambaa chetu cha posa kwapani, kimekunjwa vilevile nilivyokikunja. Hata uzi wake haukufunguliwa. Baba yake Célestine alifariki zamani, kwa hiyo neno la mwisho ni la mama yake, na Mama Julienne amesema hapana.

Sababu? Nyumba yake iko nyuma ya uwanja wa mpira. Akiwa jikoni anasikia kila neno langu. Siku tuliyocheza na Lusangi nilimweleza mshika bendera maneno mawili matatu kuhusu macho yake, kisha kuhusu ukoo wake. Mama Julienne aliwaita wajukuu ndani akafunga mlango. Mjomba amenirudishia maneno yake kama yalivyotoka: "Ule kijana, miye simukatalie sababu ya umaskini. Namukatalia sababu ya mudomo. Kama anatukana hivi sababu ya mupira, siku chumvi itakosekana mu nyumba atasema nini?"

Lakini hajakataa kabisa. Jumanne ni sikukuu ya Wabelgiji, na Kabambare wanakuja kucheza nasi. Atakuja mwenyewe uwanjani kunitazama. Nikikaa na adabu mpaka firimbi ya mwisho, kitambaa kitapokelewa. Tena akaongeza kwamba mkwe wake Marcellin, kipa wa Kabambare, hajasikika hata siku moja akipaza sauti.

Marcellin! Kila siku Marcellin! Alimwoa Léocadie, dada mkubwa wa Célestine, akahamia naye Kabambare, na tangu hapo mji mzima unapimwa kwa Marcellin. Nikimwoa Célestine, huyu ndiye atakuwa mwanyumba wangu. Kila sikukuu nitaketi naye kwenye sinia moja na kuambiwa nitazame anavyotafuna.

Sawa. Adabu. Naiweza.

Alhamisi, 16

Mimi ndiye mkubwa wa washangiliaji wa Kasongo. Kwa hiyo leo jioni nimewakusanya nyuma ya duka la pamba, nikawafundisha. Kabambare wakifunga, tunapiga makofi. Polepole, viganja vikigusana kidogo tu. Tukifunga sisi, tunasema asante. Mwamuzi akikosea, tunatazama mbinguni.

Wamejaribu. Lukumani, kipa wetu, alikuwa anapita akasimama kuuliza nani amefariki. Wote wakacheka. Nikamwambia Lukumani neno moja. Si zito. Kisha nikakumbuka Célestine, nikamwomba radhi, akashtuka kuliko kama angetukanwa. Aliniuliza kama nina homa.

Nimerudi nyumbani nimechoka. Adabu inachosha kuliko kubeba magunia. Na bado sijafikiria lililo kubwa: tukishindwa na Kabambare huku nimekaa kimya, nitapasuka.

Jumamosi, 18

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa napima pamba ya mzee mmoja wa huko Wamaza, mara mama mkwe wake akatokea kwenye foleni. Mzee akaacha mizani, akaacha pamba, akaingia nyuma ya magunia mpaka mama yule alipoondoka. Bila shaka. Ndivyo desturi yetu ilivyo. Mama mkwe haangaliwi usoni, hapiti njia moja nawe, na zaidi ya yote hapewi mgongo. Ukitaka kuondoa haya hiyo, unatoa zawadi na kumwomba ruhusa kwa mdomo wa mtu mwingine.

Sasa: mama mkwe wa Marcellin ni nani? Mama Julienne. Na kipa anasimamaje golini? Anawapa mgongo wote walio nyuma yake!

Nitamwekea Mama Julienne kiti nyuma ya goli la Marcellin. Kiti cha heshima! Nani atanilaumu? Atasema tazameni Théophile anavyojali wakubwa. Marcellin atashika nguzo badala ya mpira. Nimecheka peke yangu hadi mizani ikatikisika, na mzee wa Wamaza akadai nipime upya.

Jumapili, 19

Baada ya misa Mjomba André amempelekea Mama Julienne mwaliko wangu. Amekubali! Amesema ni mara ya kwanza kijana wa mpira kumfikiria mtu mzima na miguu yake. Célestine alikuwepo, na Mjomba anasema alitabasamu akiinamia sufuria.

Nimeazima kiti cha mikono cha dukani. Kitakaa pembeni mpaka tujue Marcellin amepewa goli lipi, ndipo nikipeleke. Na wakati wa mapumziko timu zikibadilishana upande, nitakihamisha. Nimefikiria kila kitu. Mjomba aliniuliza kama haya si udanganyifu. Nikamjibu kwamba hakuna sheria ya mpira inayokataza kiti.

Jumanne, 21. Sikukuu

Naandika kalamu ikitoboa karatasi. Ni hasira.

Kwanza mambo yalikwenda vizuri. Bendera, hotuba, Wazungu chini ya turubai lao. Kabambare walishuka kwenye kamio, lori la kukodi, wakiwa wekundu kwa vumbi. Marcellin akaja mpaka kwa washangiliaji wetu kutusalimu, mmoja mmoja. Kujionyesha tu! Mwalimu Octave wa misheni, mwamuzi wa leo, akarusha senti, Marcellin akapewa goli la upande wa barabara. Nikapeleka kiti. Mama Julienne akaja na Célestine, akaketi, akapanga vitambaa vyake. Nikainama kwa mbali.

Marcellin akageuka kutazama wavu wake. Akamwona. Loo! Alivua kofia. Akasogea kwenye nguzo, akasimama kiubavu, uso kwenye majani. Mpira wa kwanza ukapita katikati ya goli taratibu, mtu angeweza kuuhesabia hatua. Moja bila! Washangiliaji wangu wakasema asante. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa cha jasho. Wa pili ukaingia vilevile. Mbili bila! Nikauma zaidi.

Hapo Marcellin akamwomba Mwalimu Octave asimamishe mchezo kidogo. Akamwita mke wake. Léocadie akatoa jogoo kwenye kikapu, zawadi waliyomletea mama yake kutoka Kabambare, akampelekea Mama Julienne na kupiga magoti: mkwe wako anaomba ruhusa ya kukupa mgongo. Mama Julienne akapokea jogoo, akamfunga kwenye mguu wa kiti changu, akaita kwa sauti: "Mwana yangu, nipe mugongo bila haya! Miye nilikuya kuangalia mupira. Chunga goli!"

Makofi! Hata Wazungu. Hata watu wangu, na hao walipiga haraka, si polepole nilivyowafundisha. Tangu hapo hakuna kilichompita tena.

Mapumziko. Nikamtuma Mjomba André amwombe Mama Julienne ahamie upande wa pili, penye kivuli. Mjomba akarudi akila karanga zake. Amekataa. Amekaa vizuri, jogoo ametulia, hahami. Nikasema basi. Goli lile sasa ni la Lukumani, na Lukumani si mkwe wa mtu.

Ndiyo. Kisha Lukumani akaanguka juu ya mkono wake, na kidole kikageuka.

Kipa wetu wa pili amekwenda mazishini Kindu. Mwalimu Octave akasema sheria haina mtu wa badala, mchezaji mmoja aingie golini, Kasongo mbaki kumi. Nikafurahi! Kumi wanatosha kulinda mbili bila. Ndipo Marcellin akakimbia kutoka goli lake, uwanja mzima, akasema Kabambare hawataki kuwashinda watu kumi, hiyo si kushinda. Kasongo wachague yeyote aingie. Makofi tena! Kapteni wetu akatazama kulia, kushoto, akanitazama mimi. Ni mimi mwenyewe niliyeeleza mji huu kwamba nilikuwa kipa shuleni. Sikuwa kipa. Nilikuwa nashika kengele.

Nimeingia golini. Na nyuma yangu: Mama Julienne.

Mtu atasema bado si mkwe wangu. Lakini nimemwita Mama Mkwe mbele ya watu tangu Pasaka! Célestine alikuwa ananitazama. Wanawake wote walikuwa wananitazama waone nitafanya nini. Nimpe mgongo bila zawadi, baada ya Marcellin kutoa jogoo? Nikasimama kiubavu. Mbili moja. Nikasogea majanini nje ya nguzo, kama mtu anayempisha mama mkwe njiani. Mbili mbili. Watu wangu mwenyewe wakaanza kunieleza mambo ya ukoo wangu, na hakuna aliyetazama mbinguni.

Zawadi! Nilihitaji zawadi! Mfukoni nina kalamu na kitambaa kilichoumwa. Nikaona jogoo. Nikamfungua kwenye mguu wa kiti, nikapiga magoti, nikainamisha kichwa hadi chini, nikampa Mama Julienne jogoo wake mwenyewe kwa mikono miwili.

Nikiwa hapo chini nikasikia kelele. Mbili tatu. Grégoire, seremala wa Kabambare, ndiye aliyefunga. Jogoo akanitoka akaingia uwanjani, na firimbi ya mwisho ikalia wakati wachezaji wa timu zote mbili wanamfukuza.

Nilisimama. Ningalinyamaza, lakini lile goli la tatu lilikuwa ofsaidi! Nilimfuata Mwalimu Octave mpaka mbele ya turubai la Wazungu, nikamwambia kwamba jogoo ameona na yeye hakuona, na kwamba kichwani mwake chaki imechukua nafasi ya ubongo. Nilisema na mengine. Sauti yangu ilifika mbali. Nilipogeuka, Mama Julienne alikuwa amesimama, na kiti kilikuwa kitupu.

Jumatano, 22

Sikulala. Sikula. Dukani nimempima mtu badala ya gunia lake.

Jioni Mjomba André amekuja na habari, na anacheka, mzee huyu hana huruma. Mama Julienne hana kinyongo kwa magoli. Kwa jogoo alicheka mpaka Célestine akamshika. Kiti anashukuru. Kilichomuudhi ni mdomo, mdomo uleule. Hata hivyo Célestine amemwombea kijana huyu. Célestine! Ameniombea! Nilimfanya Mjomba arudie maneno hayo mara nyingi.

Basi nimepewa nafasi moja. Kesho asubuhi kamio ya Kabambare inaondoka, na Mama Julienne anakwenda nayo pamoja na Célestine, kumtembelea Léocadie. Niende pale, mbele ya watu, nimpe Marcellin mkono na kumwambia: mlicheza vizuri. Hayo tu. Wakirudi, Mjomba alete kitambaa.

Nimefanya mazoezi mbele ya ukuta. Mlicheza vizuri. Mlicheza vizuri. Inatoka vizuri nikifumba macho.

Alhamisi, 23

Nilivaa suruali nzuri. Nilifika mapema. Kamio ilikuwa imejaa: wachezaji, mikungu ya ndizi, Mama Julienne mbele kwa dereva, Célestine nyuma pamoja na dada yake, ameshika ubavu wa kamio. Alinitazama. Jamani, alinitazama!

Nikafungua mdomo. Marcellin akaruka chini akanitangulia! Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nilicheza vizuri. Akawaambia watu wote kwamba mtu anayeacha goli lake katikati ya mchezo ili amheshimu mama mkwe ni mtu wa kweli, na kwamba atafurahi kuniita mwanyumba. Alisema kwa moyo safi. Hilo ndilo linaloudhi. Kila kitu ananitangulia, hata hapo!

Célestine alikuwa anatabasamu. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Niliyasikia kabisa kichwani. Nikasema asante. Nikasema lakini goli la tatu lilikuwa ofsaidi.

Marcellin aliuacha mkono wangu polepole. Nikadhani hawakunielewa, nikachora goli mavumbini kwa kidole cha kiatu, nikaweka jiwe mahali pa Grégoire. Mama Julienne hakutazama jiwe. Alisema tu: "Dereva, twende."

Célestine alijifunika uso kwa kitambaa chake. Ni vumbi. Kamio ilikuwa inatoa vumbi.

Moyo uliniuma, sikatai. Nilikimbia nyuma yao mpaka nyumba za mwisho za mji. Leo watu wanasema nilikuwa namwita Célestine. Si kweli. Nilikuwa naeleza mguu wa Grégoire ulikuwa wapi.

Jumapili, 6 ya mwezi wa tisa

Mama Julienne amerudi kutoka Kabambare. Peke yake. Mjomba André ameniambia nikae kwanza. Célestine amebaki kwa dada yake, na ameposwa. Kitambaa kimepokelewa siku hiyohiyo. Mchumba ni mtu mpole, seremala, hapigi kelele. Grégoire.

Nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mjomba alinishika bega, akasema labda sasa nimeona mdomo umenigharimu nini, na kwamba Mama Julienne, pamoja na yote, amenialika harusini mwezi ujao.

Nimemwambia nimeona. Nimemshukuru. Harusi nitakwenda, hata kama ni kwa miguu. Watu wote watakuwepo: Marcellin, Mwalimu Octave, Padri mwenyewe. Na Grégoire akimaliza kuapa kanisani, kabla hajashusha mkono, nitasimama nimwulize kwa adabu kabisa mguu wake ulikuwa wapi.