Mama wa Uskoti Ndani ya Vezel

Asukile alijua kwamba siku yake imefika pale mtu alipolikataa gari lake kwa sababu ni zuri.

Ilikuwa Mafiati, Mbeya, saa nne asubuhi, watu bado wamejikunyata ndani ya makoti. Vezel yake nyeupe ilikuwa kando ya barabara, karatasi ya INAUZWA kiooni. Gari hilo ndilo lilikuwa mali yake yote duniani. Alikuwa ameuza bodaboda mbili, saluni ya kunyolea na kiwanja cha Uyole, akalinunua ili aliuze kwa faida, na kwa miezi mitatu hakuna aliyefika bei. Likimharibikia hili, ilibaki kurudi Tukuyu kuchuma chai kwa mama yake, na mama yake alikuwa na maneno mengi aliyomwekea akiba.

Akaja Bwana Aroni, muuza bati na saruji wa Kihesa, Iringa, kofia ya pama kichwani na tumbo limemtangulia hatua moja. Akainama nyuma ya gari, akasoma jina, akasonya.

"Hili hapana. Jirani yangu Zabron analo."

"Kwani Zabron analilalamikia, bosi?"

"Alilalamikie wapi! Kila asubuhi analiwasha chini ya dirisha letu. Mimi nataka la kulizidi hilo. Zabron aliangalie mpaka akose hamu ya kula."

Hapa inafaa tunyamaze kidogo kwa heshima, maana ni mara chache mtu hushuhudia akili ikizaliwa. Asukile alishasoma kwenye simu jambo ambalo wengi hulipita: gari lile lile linaloitwa Vezel kule Japani, kwenye nchi nyingine huuzwa kwa jina la HR-V. Wenyewe hawafichi, kila soko lina jina lake. Ni Asukile tu aliyeona kwamba kati ya jina na jina kuna uwazi wa mtu kupita na mfuko.

"Bosi," akashusha sauti, "kuna HR-V. La Uingereza. Iringa mimi sijaliona hata moja."

"Linafanana na hili?"

"Kwa mbali. Hata wewe na Zabron mna macho mawili mawili."

Aroni akacheka mpaka kofia ikahama. Bei ilipanda kwa nusu pale pale, na hakukohoa.

Siku mbili baadaye gari lilikuwa Chimala, kwa fundi Jailos. Jailos alibandua jina la nyuma, akabandika jipya, akapiga mistari myekundu ubavuni na bendera ndogo ya Uingereza kwenye kioo. Wasiwasi kwamba Aroni angelitambua haukuwepo. Watu wa aina yake hawaangalii gari, wanaangalia jina lake na uso wa jirani. Kitu kimoja tu kilimshinda Jailos. Kila ukiwasha gari, mama mmoja wa Kijapani alisema sentensi yake kutoka kwenye dashibodi, ya kukumbusha kadi ya ushuru wa barabara, kwa adabu sana, kisha akanyamaza. Jailos alifungua mifuniko miwili, akakuta nyaya, akaifunga.

"Huyu mama sijui anakaa upande gani. Mwache tu, braza. Hana neno na mtu."

Jumamosi Asukile akaingia Kihesa.

"Kamwene!" Aroni akampokea getini kwa mikono miwili. Mkewe, Mama Bertha, mwenyekiti wa kamati ya mavuno pale usharikani, alikuwa barazani anapepeta mchele. Asukile akamwamkia, akawasha gari. Mama wa ndani akasema sentensi yake.

"Anasema nini?" Aroni akauliza.

"Kiingereza, mzee."

"Mimi nimefika fomu foo, bwana. Hicho Kiingereza hapana."

"Ni cha Uskoti, mzee. Kile cha ndani ndani."

Aroni akafumba macho, akaomba gari liwashwe tena. "Kumbe," akasema. "Ndiyo maana kina uzito."

Ungo wa Mama Bertha ulikuwa umesimama. Aliangalia ua wa Zabron, akaangalia gari, akamwangalia mumewe kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ilipopotelea miaka yake thelathini ya ndoa. Kisha akatabasamu, akaleta chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha.

"Karatasi za mauzo unazo, mwanangu?"

Alikuwa nazo, zimeshasainiwa. Mahali pa jina la mnunuzi Asukile huacha wazi, kwa vile hajui nani atatangulia kufika na hela.

"Niachie nizisome. Sisi gari halilipiwi kabla ya kuombewa. Kesho ni Jumapili ya mavuno, uliweke pale mbele, kwenye meza ya mavuno. Jumatatu mzee anakwenda benki."

"Amina, mama. Hata mimi siwezi kuuza gari ambalo halijaombewa."

Mara ya mwisho kuingia kanisani, Asukile alikuwa ameshikwa sikio na mama yake. Ndiyo maana alisahau jambo ambalo kila mtoto aliyelelewa usharikani analijua: siku ya mavuno, kilichowekwa kwenye meza ya mavuno kimeshatolewa, na baada ya ibada kinapigwa mnada.

Kesho yake meza ilikuwa uani, imejaa mahindi, maboga, mayai na jogoo wa Mama Lusia. Pembeni yake lilisimama gari na shada la maua kwenye boneti. Asukile alikabidhi ufunguo kwenye kikapu kwa mikono miwili. Mchungaji aliombea vyote, na hakuna aliyeitikia amina kwa sauti kama mgeni. Kisha Mama Bertha akashika kipaza sauti, karatasi za gari zikiwa mkono wa pili.

"Wapendwa, mgeni wetu kutoka Mbeya ameguswa. Amemtolea Bwana gari lake, tukaezeke kanisa."

Vigelegele vilipasuka. Asukile akasimama, akanyoosha mkono juu kupinga.

"Elfu thelathini kwa mgeni!" akapaza mnadishaji, aliyekuwa tayari ameshaanza na jogoo. Ilikuwa nauli yake ya kurudi Mbeya. Akalipa, akamfikia Mama Bertha akiwa na jogoo kwapani.

"Mama, kuna makosa hapa."

"Yapo, mwanangu. Yule mama yako wa Uskoti namsikia kwa Zabron kila siku saa kumi na mbili asubuhi. *Kaado ga sonyu sarete imasen.* Mpaka naota. Kama hujatoa, panda pale ueleze, kipaza sauti hiki hapa. Unamwona yule mrefu anayeimba besi? Ni askari wa upelelezi. Anapenda sana maelezo."

Asukile akakaa chini kwenye majani. Iliuma, tusidanganyane. Bodaboda mbili, saluni na kiwanja vilikuwa vinapigwa mnada mbele ya macho yake, huku kwaya inaimba.

Aroni, ambaye hakuelewa chochote ila kwamba Zabron yupo na anatazama, alitaja bati sitini. Akapewa gari. Mchungaji akamgeukia kwa upole: "Bwana Aroni, moyo unasemaje?" Usharika mzima ukanyoosha shingo kumsubiri.

"Narudisha," akasema Aroni kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Gari likarudi mezani kupigwa mnada upya, na bati zikabaki za kanisa. Zabron akalinunua kwa mbao mia mbili, naye, kwa kuwa asingekubali kuzidiwa wema na Aroni, akarudisha. Aroni akalichukua tena kwa mifuko mia ya saruji, akamwona Zabron anatabasamu, akarudisha tena. Hapo Mama Bertha akatoa ng'ombe wake wawili wa maziwa.

"Mama, moyo unasemaje?"

"Unasema asante, mchungaji. Gari limefika."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama Bertha akaingia, akawasha. Mama wa ndani akasema sentensi yake, na Zabron akaruka kitini.

"He! Huyo si ni wa kwangu?"

Aroni akamtazama jirani yake kwa masikitiko makubwa. "Kumbe na wewe unalo la Uskoti?"

Asukile alikuwa amekodoa macho. Yeye alihangaika mpaka Chimala ili auze gari mara moja kwa majina mawili. Hawa wameliuza mara nne kwa mchana mmoja, askari anaimba besi, na kila aliyetoa anakwenda nyumbani anashukuru. Machozi yalimlenga, na sehemu yake, Mungu anajua, ilikuwa ya heshima. Akasogea dirishani.

"Mama, kwenye kamati yenu nafasi haipo?"

Mama Bertha akamwangalia kuanzia viatu hadi kwenye jogoo.

"Ipo. Anza na huyo."

Asukile akamtazama jogoo. Ndiye aliyebaki, ndiye nauli, ndiye kiwanja cha Uyole. Akamnyanyua juu, kila mtu amwone.

"Narudisha," akasema.

Mnadishaji akaanzia elfu kumi.