Tamko Rasmi Kuhusu Paa la Kukalia la Nyumba Yetu

Mheshimiwa Mama Mkwe, Mlezi Mkuu wa Ukoo na mkaaji wa kiti pekee kilichofanikiwa kupandishwa huku juu, Mheshimiwa Shemeji, mwenye nyumba hii, ambaye paa lake la zege tumelikalia tangu saa nne asubuhi kwa madhumuni ya kujifunza kwa vitendo, Mheshimiwa Mama Watoto, Mke wa Mwenyekiti, yaani mimi, na Mwakilishi wa Kudumu wa Upinzani, Bwana Fundi, Mshauri Mwelekezi, Shangazi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamba za Kuanikia Nguo, watoto wangu watatu, kwa umoja wenu na kwa utundu wenu, majirani mliopanda bila mwaliko mkidhani kuna chakula (Sauti: "Kwani hakuna?"), mabibi na mabwana. Kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajitaje kimoyomoyo, tusipoteze muda. (Mama Watoto: "Umeanza.")

Nasimama mbele yenu nikiwa nimevaa kofia mbili. Ya kwanza ni ya baba wa familia. Ya pili ni ya Kaimu Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Vikao na Ajenda, ofisi ambayo nimeitumikia kwa miaka kumi na tisa bila kikao hata kimoja kumalizika siku kilipoanza. (Makofi ya mtu mmoja. Ni mzungumzaji mwenyewe.)

Ndugu wajumbe, hali halisi ni hii. Mwenye nyumba kule tulikopanga anamwoza kijana wake, anavitaka vyumba vyake, na ametupa hadi Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Mama Watoto ameniuliza mara nyingi, kwa sauti za viwango mbalimbali, "Jumamosi wanangu watalala wapi?" Napenda kulihakikishia kusanyiko hili kwamba swali hilo limepokelewa, limesajiliwa, na limefunguliwa faili. Lakini huwezi kuzungumzia watu kulala ndani ya nyumba kabla hujaamua nyumba yenyewe itakuwa na paa la namna gani: la bati, lililoinama kama la kila mtu, au la zege, bapa, la kupanda ngazi na kukaa, ambalo wataalamu wa viwango vya kimataifa huliita rufutopu. (Mama Mkwe: "Rufu nini?" Shangazi anamweleza. Mama Mkwe anasikitika.)

Ndiyo maana miaka saba iliyopita, kwa kutambua unyeti wa suala hili, niliunda Kamati ya Paa, yenye visheni, misheni, rodimapu na muhuri. Tulifanya upembuzi yakinifu. Tulifanya bechimaki, yaani kwenda kujilinganisha, katika mapaa kumi na moja ya ndugu na marafiki, na katika mapaa tisa tulikaribishwa chai. (Fundi: "Mawili tulifukuzwa.") Mawili yalikuwa na changamoto za kidiplomasia.

Matokeo yanatia moyo. Asilimia tisini na sita ya wadau waliohojiwa wanapenda upepo. Asilimia mia moja na kumi na mbili wanafua nguo na hawana pa kuzianika. Tangi la maji litakaa juu, maji yashuke yenyewe bila kuombwa. Na jioni mtu atapanda, atavua viatu, atautazama mtaa mzima, ajue nani kanunua godoro jipya na nani karudi kwa mkewe. (Shangazi anapiga kigelegele.) Hata hivyo, fremuwaki yetu ya tathmini haikuficha kasoro. Zege likipigwa jua linaunguza. Nawaomba wajumbe mliovua viatu mvivae. (Watoto wanarukaruka.) Zege lisipomwagwa kwa mteremko maji hutuama, yakituama huvuja, na yakivuja hayachagui kitanda cha nani. Halafu ngazi, ndugu zangu, ngazi haielei hewani. Ngazi inakula nafasi. Kwa mujibu wa mchoro, inapita katikati ya chumba cha Mama Mkwe. (Mama Mkwe: "Kwa hiyo mimi nilale kwenye ngazi?") La hasha, mama yangu! Chini yake. Pana kivuli kizuri sana.

(Fundi ananyoosha mkono: "Mzee, mimi nina jambo moja tu. Paa la zege linataka nguzo, nguzo zinataka msingi. Nikachimbe wapi?")

Swali zuri mno, Bwana Fundi, linaloonyesha ukomavu wako, na litajibiwa kwa maandishi. (Mama Watoto: "Lijibu sasa hivi, baba watoto! Nimefunga vyombo tangu juzi, watu sita tunapokezana kikombe kimoja!") Wajumbe, utulivu tafadhali. Nani aliyechagua rangi ya vyuma vya kuzuia watu wasidondoke? Mimi. Nani aliyepanga kila mjumbe atakaa upande gani jua likizama? Mimi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami kwa miaka saba nimewakusanyia baraka hadi zimejaa kabati. (Mama Watoto: "Wahenga haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.") Hoja imepokelewa.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, natamka rasmi kwamba paa la kukalia lina manufaa, na litajengwa! (Vigelegele. Jirani mmoja anauliza ni harusi ya nani.) Paa juu! (Wote: "Juu!") Juu zaidi! (Wawili: "Zaidi!") Bati! (Watoto: "Juu!" Wanakaripiwa.)

Sasa shukrani. Namshukuru Bwana Fundi, aliyechora ngazi mara kumi na nne bila kukasirika mbele yangu. Naishukuru Kamati ya Paa kwa ripoti yake ya kurasa mia mbili, ambayo katika ukurasa wa mwisho, niliousoma jana, inapendekeza kwamba kabla ya paa pawe na nyumba, na kabla ya nyumba pawe na kiwanja. Kiwanja, ndugu wajumbe, hatuna. Hatujawahi kuwa nacho. Kila mmoja wetu alidhani kinashughulikiwa na kamati nyingine. (Fundi anakunja mchoro taratibu.) Nakushukuru wewe, Mama Watoto, uliyeniamini miaka yote hiyo. Naona aibu, na hilo sikuandikiwa na mtu. Na kwa namna ya pekee namshukuru Shemeji kwa kukubali kutupokea hapa kwake kuanzia Jumamosi, ombi ambalo ndiyo kwanza analisikia. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Shemeji anasimama, anafuta jasho: "Dada yangu na wanawe hawawezi kulala nje, na mama hapa ni kwake. Mtakaa vyumba vya chini mpaka mpate kwenu. Ila nina sharti moja, shemeji. Huku juu hupandi tena." Makofi mazito. Mama Watoto amesimama kupiga ya kwake.)