Ufunguzi Rasmi wa Mizani Kuu

Idara ya Vipimo Sahihi inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba Mizani Kuu, ile inayopima mizani nyingine zote, itafunguliwa rasmi na Mheshimiwa Waziri. Tangazo hili liliandikwa na Mkurugenzi mwenyewe, likabandikwa kwenye mlango wa mbele, na hakuna aliyelicheka akiwa karibu.

Chanzo cha yote kilikuwa vumbi. Fundi wa idara, mwanamke wa makamo asiyejua kumung'unya maneno, aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akamwambia kwamba Mizani Kuu imeanza kulala upande mmoja.

"Kisu chake kimeshika uchafu, Bosi," alisema. Kisu ni ile ncha ya jiwe ambayo mkono wa mizani huikalia. "Inabidi ifunguliwe, isafishwe, ifungwe. Si kazi kubwa."

"Ifunguliwe na nani?"

"Si na mimi?"

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma. "Dada yangu, wewe una cheo gani cha kufungua mali ya serikali?"

Hapa ni lazima tumwelewe. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuona kitu cha serikali kikifunguliwa na mtu hivi hivi. Bomba la uani lilifunguliwa na Naibu Waziri. Choo cha wafanyakazi kilifunguliwa na Waziri, na wafanyakazi walisubiri, wengine wakiwa wamejikaza kweli kweli, mpaka utepe ulipokatwa. Aidha, kiti cha Kamishna kilikuwa wazi, na Kamishna huteuliwa na Waziri. Mkurugenzi alikitaka kiti kile kufa na kupona. Mkewe alikuwa ameshaanza kuitikia salamu za majirani kwa sauti ya mke wa Kamishna.

Basi ikaundwa kamati ya ufunguzi, na chini yake kamati ndogo ya utepe. Mizani za wafanyabiashara wa sokoni, zilizokuwa zimeletwa kukaguliwa, zikarundikwa kwenye korido kusubiri Mizani Kuu ipone. Wenye mizani nao wakaja kukaa hapo hapo ukutani, wakizichungulia.

"Mwanangu, navigawa vitunguu kwa kukisia kama natoa sadaka," mama mmoja wa sokoni alimwambia Mkurugenzi akipita. "Nipe mizani yangu niende zangu."

"Mama, wewe ni mdau," Mkurugenzi alijibu kwa upole. "Mdau anauheshimu mchakato."

"Mdau ndiyo nani?"

"Ndiyo mtu anayesubiri."

Siku ya siku ikafika. Mizani Kuu ilitolewa kwenye kabati lake la kioo, ikawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Bisibisi ililetwa juu ya mto mwekundu. Kwa mujibu wa ratiba, Waziri alitakiwa kulegeza skrubu moja, apigwe picha, aende kula.

Alilegeza ya kwanza, watu wakapiga makofi. Sasa makofi nayo yana utamu wake. Waziri akalegeza ya pili.

"Mheshimiwa, hiyo iache kwanza," fundi alisema, "hiyo ndiyo inayoshika..."

Mkurugenzi alimkanyaga mguu. Waziri akaendelea, akichekelea, mpaka sahani, mkono, mshale na kisu vyote vikalala kwenye kitambaa kama vyombo vinavyosubiri kuoshwa. Fundi akavichukua kimoja kimoja, akavipiga brashi, akafuta kile kisu kwa pamba yenye spiriti hadi kikang'aa.

"Tayari," alisema. "Nipisheni nifunge."

"Wewe ufunge alichofungua Waziri?" Mkurugenzi alimnong'oneza, kijasho chembamba kikimtoka. "Unataka anione nimeleta dharau?" Akashika kipaza sauti. "Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, sasa tunakuomba utufungie."

Waziri alivitazama vile vipande. Alikuwa amefungua vitu vingi maishani mwake, ila hakuna aliyewahi kumwomba arudi kuvifunga. Akaokota mshale, akaugeuza, akaurudisha. Njaa ilikuwa inamuuma. Kule mlangoni mama wa vitunguu alikuwa anamwangalia bila kupepesa.

"Niwafungie?" aliuliza.

"Utufungie, Mheshimiwa. Sote tunakutegemea wewe."

"Na bila hii mizani, nyinyi hapa mnafanya kazi gani?"

Mkurugenzi aliona bahati imemwangukia. Sasa Waziri angejua ukubwa wa mzigo alioubeba.

"Hakuna, Mheshimiwa," alijibu kwa fahari. "Hii ndiyo idara yenyewe. Bila hii hakuna anayefanya lolote hapa, kuanzia mimi."

Uso wa Waziri ulichangamka. Alivuta koti lake vizuri, akakipokea kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, kwa ombi la Mkurugenzi mwenyewe, na baada ya maelezo yake mazuri, natangaza kwamba Idara ya Vipimo Sahihi imefungwa rasmi."

Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Kwenye korido wafanyabiashara walikuwa wameshaanza kuzichambua mizani zao, kila mtu akivuta yake.

"Bosi," fundi alisema, akifunga chupa ya spiriti, "wamefunga idara."

"Nimesikia," alijibu Mkurugenzi, na hakuacha kupiga makofi, maana Waziri alikuwa bado anamtazama.