Safari Hii wa Mwisho Jukwaani ni Mimi

Jumatatu, 17 Machi

Sijui hata nianzie wapi! Bwana Nukui, meneja wetu, katuita ofisini mimi na mwenzangu Kozue. Habari ya kwanza chungu: katuni tunayoiimbia, ile ya wasichana wa miavuli, inakwisha Jumapili, na ikikwisha yenyewe, kikundi chetu cha watu wawili, Potsupotsu, nacho basi. Tumedumu miezi mitatu tu! Habari ya pili tamu: wakubwa wa studio watakuja kwenye onyesho la kuaga, wamchague mmoja wetu aimbe wimbo wa katuni ijayo. Mmoja! Kozue akanishika mkono, akasema dada Hinano, naomba uwe wewe. Mnafiki mkubwa. Nikamjibu nami naomba awe yeye. Siombi ng'o.

Jumanne, 18 Machi

Mpango wa kwanza umefaulu! Kila mmoja wetu ana wimbo wake wa peke yake, na anayefunga onyesho ndiye anayebaki vichwani mwa watu. Ratiba ilimpa Kozue nafasi hiyo. Nikamfuata Bwana Nukui na boksi la vikeki vya maharage, nikamlilia kuwa koo langu huchelewa kupata moto. Akala viwili, akakubali. Kozue alipoambiwa akasema sawa tu, ati hata yeye anapenda kumaliza mapema. Mtu gani anakubali kirahisi hivyo? Ana lake jambo.

Alhamisi, 20 Machi

Sikukuu, lakini kwetu mazoezi. Nimegundua tatizo liko wapi. Mashabiki wanaompenda Kozue huwasha vijiti vya mwanga vya bluu. Wanaonipenda mimi, vya rangi ya chungwa. Mara ya mwisho ukumbi ulikuwa bluu tupu. Vya chungwa niliona vitatu, kimoja kakishika Mama.

Mpango wa pili! Mjomba Isokichi, muuza tofu, ana wenzake wa mtaa wa maduka: kinyozi, muuza samaki, mzee wa majani ya chai na wengine tele, wote wana sauti za kuamsha mtaa. Nimewapelekea vijiti vya chungwa, vile vinavyowaka ukivivunja, mwanga wake mkali kuliko wa vile vya betri. Nimewaagiza: mkiniona tu natokea, vunjeni! Muuza samaki akauliza kama aje na ngoma yake ya tamasha. Nikamwambia aiache kwanza. Mjomba katangaza kuwa asiyefika Jumapili asikanyage tena dukani kwake kutafuta tofu. Nampenda Mjomba!

Jumamosi, 22 Machi

Kozue kaniletea hirizi ya koo kutoka hekaluni, kaniambia alipanda ngazi zote kuifuata. Nimeitia kwenye droo. Huwezi kujua kaiombea nini.

Jumapili, 23 Machi

Wee! Wee! Ngoja nipange mambo.

Taa zikazimwa, tukatoka sote wawili kwa wimbo wa kufungulia. Sote wawili! Hilo sikuliwaza. Wazee wakaniona, wakavunja. Kwa! Kwa! Upande mzima wa kushoto ukawaka chungwa, Mjomba anapayuka jina langu, nami kwa furaha nikasahau hatua, nikamkanyaga Kozue. Kumbe vijiti vile huishi dakika tano tu. Imeandikwa kwenye pakiti. Nani husoma pakiti?

Kozue akaimba wake, bluu kila kona. Ikaja zamu yangu, ya mwisho, kama nilivyojitakia. Giza totoro! Wazee wa watu wanapunga vijiti vilivyokufa. Nikaimba mstari wa kwanza, sauti ikanikauka. Nikajua basi, wimbo wa katuni nimeukosa, na jukwaa lenyewe sitaliona tena. Nilitaka kulia kweli, si kwa kuigiza.

Mara Kozue huyo, katokea pembeni na kijiti chake cha betri. Akakibonyeza, kikageuka chungwa. Akawapigia kelele mashabiki wake, jamani mnangoja nini, huyu si dada yangu? Ukumbi ukageuka. Wote! Mbele, nyuma, mpaka mlangoni! Nikaimba machozi yakinitiririka, na sijawahi kuimba vile maishani mwangu.

Nyuma ya pazia nilimkumbatia, nikamwambia asante, na ilitoka moyoni. Ilitoka moyoni mpaka tulipofika kwenye gari. Nyumbani Mama kaniambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatatu, 24 Machi

Bwana Nukui kapiga simu. Wakubwa wamemchagua Kozue! Ati sauti zetu ni sawa, ila wamependa ule moyo wake. Nikakaa sakafuni. Akaendelea: Kozue kakataa kuimba bila mimi, wakubwa wamekubali, tunaimba wote wawili. Nikaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari!

Nimewaza asubuhi nzima. Kumbe wanachotafuta ni moyo! Mtu angeniambia mapema! Nimeshampelekea Bwana Nukui vikeki, ili onyesho la kwanza la katuni mpya afunge Kozue. Nimeshamwagiza Mjomba vijiti vya bluu, vilevile vya dakika tano, awagawie watu bure mlangoni, na vya betri awashawishi waviache kwenye mikoba. Wavunje mapema. Kozue akibaki gizani, anatetemeka, sauti imemkauka, hapo natokea mimi na kijiti changu. Mjomba kauliza kama muuza samaki sasa aje na ngoma. Nimesema aje nayo. Watu watalia! Safari hii mwenye moyo mzuri nitakuwa mimi.